Bekapu Kamili na za Nyongeza Zinazojiendesha kwa Ratiba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzijaribu

Maswali haya yanatoka kwa watu ninaowahudumia kati ya Mbeya na Iringa: makatibu wa AMCOS za kahawa kule Mbozi, wahasibu wa SACCOS, wahudumu wa zahanati, walimu wa taaluma, wenye maduka ya vipuri Makambako. Karibu wote tayari wana bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, inayojiendesha usiku. Waliowahi kuirejesha ni wachache mno, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaishia kwenye kurejesha hata pale swali lilipoanzia kwenye jambo jingine.

Bekapu kamili na ya nyongeza zinatofautianaje?

Bekapu kamili huchukua kila kitu. Ya nyongeza huchukua kilichobadilika tangu bekapu iliyotangulia, iwe kamili au ya nyongeza. Ipo na ya tatu, bekapu ya tofauti, inayochukua kilichobadilika tangu bekapu kamili ya mwisho.

Tuseme ofisi yako ina bekapu kamili alfajiri ya Jumapili na za nyongeza alfajiri ya siku zilizobaki. Mashine ikifa Alhamisi mchana, utahitaji ya Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote tano, kwa mpangilio huo huo. Ya Jumanne ikiwa mbovu, unaweza kuitegemea hali ya Jumatatu tu, hata kama za Jumatano na Alhamisi ni nzima. Kwa bekapu ya tofauti ungehitaji mbili: ya Jumapili na ya Alhamisi. Hasara yake ni kwamba inanenepa kila siku mpaka Jumapili nyingine ifike.

Kila asubuhi napata ujumbe kwamba bekapu imefanikiwa. Kwa nini nihangaike kuijaribu?

Kwa sababu ujumbe huo unasema programu imefika mwisho wa kazi iliyoagizwa. Kama iliagizwa vibaya, itafika mwisho vizuri tu. Nimeona folda ya data ikihamishiwa diski ya D huku bekapu ikiendelea kunakili folda tupu iliyobaki kwenye C, na kila asubuhi ujumbe wa mafanikio ukija.

Mfano mwingine ambao kila anayetunza hifadhidata ya MySQL anapaswa kuujua. Watu wengi huandika amri inayotoa data kwa mysqldump na kuipitisha moja kwa moja kwenye gzip ili ibanwe. Nenosiri la hifadhidata likibadilishwa, mysqldump inashindwa, lakini gzip inabana ule utupu iliopewa na kuripoti kwamba kazi imeisha salama. Faili linapatikana, lina tarehe ya leo, na ukubwa wake ni baiti 20. Dawa yake ni kuweka `set -o pipefail` mwanzoni mwa skripti ya bash, ili amri nzima ihesabiwe imeshindwa kipande chake kimoja kikishindwa, na kuhakikisha kuna kitu kinachopiga kelele faili likiwa dogo kupita kawaida.

Haya hayawapati wenye ofisi ndogo peke yao. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu mtandaoni, alifuta kwa makosa folda ya hifadhidata kwenye seva iliyokuwa ikitumika. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Walipoziendea, bekapu za kila siku hazikuwepo: chombo cha kutoa data kilikuwa cha hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 9.2 wakati hifadhidata yenyewe ilikuwa 9.6, kwa hiyo kilikuwa kikishindwa, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa kule zinakopelekwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Sawa, nianzie wapi?

Usianze na data halisi. Tengeneza folda ya majaribio ya gigabaiti moja au mbili yenye sura ya kazi yako: lahajedwali chache, picha, PDF, faili moja kubwa, folda tupu, faili lenye jina refu sana. Ongeza mafaili madogo ya maandishi ambayo majina yake yanataja yatakayoyapata: "litabadilishwa Jumatatu", "litafutwa Jumanne", "litahamishwa Jumatano", "halitaguswa". Baadaye ukifungua ulichorejesha, majina yenyewe yatakusomea matokeo.

Kabla ya bekapu ya kwanza, chukua ushahidi. Orodhesha kila faili pamoja na heshi yake, yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, heshi inakuwa nyingine kabisa. Kwenye Linux utatumia `sha256sum`, kwenye Windows `Get-FileHash` ndani ya PowerShell. Orodha hiyo ihifadhi nje ya folda ya majaribio, la sivyo na yenyewe itaingia kwenye hesabu.

Endesha bekapu kamili. Kisha, bila kugusa chochote, endesha ya nyongeza. Watu huiruka hatua hii kwa kuona haina maana, ilhali inafichua mengi kuliko zote. Kama hakuna kilichobadilika, bekapu hiyo inapaswa kuwa karibu tupu. Ikinakili tena kila kitu, programu yako haijui kutambua mabadiliko, na ni heri umegundua leo.

Baada ya hapo fanya badiliko moja moja na uendeshe ya nyongeza baada ya kila badiliko, ukichukua orodha mpya ya heshi kila mara. Ongeza faili. Badilisha jingine. Futa. Hamisha kutoka folda moja kwenda nyingine. Badilisha jina la folda nzima. Leta faili la zamani kutoka kwenye flashi, lenye tarehe ya mwaka juzi. Acha lahajedwali moja wazi kwenye Excel wakati bekapu inapita.

Sasa rejesha. Usirejeshe hali ya mwisho tu; rejesha kila hatua kwenye folda yake na ulinganishe na orodha ya hatua hiyo. Hali ya mwisho inaweza kutoka sahihi huku za katikati zimevurugika, na siku utakapohitaji leja ilivyokuwa kabla karani hajaiharibu, utahitaji ya katikati. Ukiweza, rejesha kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ndipo utakapogundua kwamba nenosiri la bekapu liliandikwa kwenye faili lililo ndani ya bekapu hiyo hiyo, au kwamba programu ya kurejesha inadai leseni iliyofungwa kwenye mashine iliyokufa.

Siwezi kusubiri wiki nzima ili nione mzunguko mmoja.

Ufupishe. Kwenye folda ya majaribio weka bekapu kamili saa mbili asubuhi, za nyongeza kila nusu saa, kamili nyingine saa saba mchana, na za nyongeza tena mpaka jioni. Kwa siku moja unapata minyororo miwili (mnyororo ni bekapu kamili pamoja na za nyongeza zinazoifuata) na unaweza kuona programu inavyovuka kutoka mmoja kwenda mwingine.

Usisogeze saa ya kompyuta ya kazi ili ujifanye ni mwisho wa mwezi. Tarehe za mafaili zitachanganyika na utakuwa umeharibu kile ulichokusudia kupima. Kama ni lazima, fanya hivyo ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa mfano kwenye VirtualBox.

Ila jaribio la siku moja halikuonyeshi muda. Bekapu kamili ya data halisi inaweza kuanza Jumapili alfajiri na kufika Jumatatu alfajiri bado inakwenda, hapo ya nyongeza inaanza juu yake. Nini kinatokea? Programu nyingine husubiri, nyingine hukataa, nyingine huendesha zote mbili na kuzivuruga. Kwenye Linux skripti ya kawaida inayoitwa na cron, kipanga ratiba chake, haina kinga yoyote dhidi ya hili. Ifunge kwa `flock`, amri inayozuia ya pili kuanza ya kwanza ikiwa bado inakwenda. Kwa hiyo baada ya jaribio fupi, fuatilia wiki moja halisi kwa kusoma logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika, kila siku.

Programu inajuaje faili limebadilika?

Hapa ndipo bekapu nyingi za nyongeza zinapokosea kimyakimya, kwa hiyo soma polepole.

Njia ya kwanza, ya zamani kwenye Windows, ni alama ya kumbukumbu. Faili likibadilika, Windows huliwekea alama. Bekapu kamili na ya nyongeza zikilichukua, huifuta. Bekapu ya tofauti huiacha. Tatizo ni kwamba alama ni moja kwa wote. Mhasibu akinakili mafaili kwa `xcopy /m` kwenda kwenye flashi yake mchana, alama zinafutwa, na usiku bekapu ya ofisi inaona hakuna kipya. Programu mbili za bekapu zinazotumia alama hiyo kwenye folda moja zitaibiana kila siku.

Njia ya pili ni tarehe ya kubadilishwa na ukubwa. Ndivyo rsync, programu ya kunakili mafaili, inavyofanya usipoiagiza vingine: vyote viwili vikiwa sawa, faili linapitwa. Ni haraka na mara nyingi inatosha. Lakini ipo programu inayobadilisha yaliyomo bila kubadilisha ukubwa na kisha kurudisha tarehe ya zamani. Pia programu inayotafuta mafaili yenye tarehe mpya kuliko bekapu ya jana italiruka lile faili la mwaka juzi ulilolileta leo kwa flashi. Ndiyo maana nimeliweka kwenye jaribio.

Njia ya tatu ni kusoma faili zima na kulinganisha heshi. Ndiyo ya uhakika, na ndiyo inayochelewesha. Ushauri wangu kwa ofisi ndogo: tarehe na ukubwa kila usiku, heshi mara moja kwa mwezi kwa kutumia `--checksum` kwenye rsync au kipengele kama hicho kwenye programu yako.

Bekapu yangu ya nyongeza ina ukubwa karibu sawa na ile kamili. Kosa liko wapi?

Angalia kwanza kama kuna aliyebadilisha jina la folda. Mwalimu wa taaluma akibadilisha "Kidato cha Nne" kuwa "Wahitimu", programu nyingi zinaona folda moja imefutwa na nyingine mpya imezaliwa, na picha zote za mahafali zinanakiliwa upya.

Kama ni hifadhidata, huenda kila usiku unaitoa yote kwenye faili moja. Faili hilo hubadilika kila siku, kwa hiyo bekapu ya nyongeza ya mafaili hulichukua lote. Programu zinazogawa faili vipande na kuruka vipande vilivyokwisha hifadhiwa husaidia sana hapa, lakini ukiwa umelibana kwa gzip kwanza, badiliko dogo mwanzoni hugeuza karibu kila kinachofuata na vipande havifanani tena. Acha programu ya bekapu ndiyo ibane, au tumia `gzip --rsyncable`.

Sababu nyingine ni diski iliyofomatiwa FAT32. Mfumo huo hutunza muda kwa hatua za sekunde mbili, na hutunza saa ya mahali bila kujua ni ukanda gani. Faili lililohifadhiwa sekunde ya 31 linaonekana la sekunde ya 30 au 32, na programu inaamini limebadilika. Kwenye rsync kuna `--modify-window=1` kwa ajili ya hilo, ingawa ni bora kuachana na FAT32 kabisa, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Za nyongeza zinapita kila siku, ila kamili inashindwa.

FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia gigabaiti 4. Bekapu kamili ya gigabaiti 12 ikiandikwa kama faili moja itagonga dari, huku za nyongeza za megabaiti mia mbili zikipita bila shida. Mtu anayetazama orodha kwa haraka anaona alama za kijani sita na nyekundu moja, anadhani mambo si mabaya. Kumbe zile sita zinasimama juu ya bekapu kamili ya zamani sana, au hazina cha kusimamia. Fomati diski kwa NTFS au exFAT kwa Windows, ext4 kwa Linux, baada ya kuhamisha kilichomo.

Kama siyo hilo, huenda diski imejaa. Na kama ulinunua flashi au diski ya bei ya kutilia shaka, ipime kwa H2testw au f3 kabla hujaikabidhi chochote. Zipo zinazojitangaza terabaiti moja wakati nafasi ya kweli ni sehemu ndogo tu; zinapokea data bila kulalamika, na kilichozidi kinapotea.

Niliweka saa nane usiku, mbona inaanza ofisi ikifunguliwa?

Umeandika 8. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane usiku ni 02:00, na 08:00 ni saa mbili asubuhi. Mfumo unakuwa mzito watu wakiwa foleni dirishani, na lawama inaenda kwa intaneti.

Kama seva imekodishwa nje ya nchi, iulize saa yake. Nyingi ziko kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu: 02:00 yake ni saa kumi na moja alfajiri hapa Mbeya. Zilizowekwa saa za Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, jambo ambalo Tanzania hatufanyi. Usiku huo, kulingana na programu ya ratiba, kazi iliyopangwa kati ya saa nane na saa tisa inaweza kurukwa au kufanyika mara mbili, na Jumapili ndiyo siku wengi waliyowekea bekapu kamili.

Chunga pia maelewano ya mdomo. Bosi akisema "Jumapili usiku", muulize kama ni Jumapili baada ya ibada ya jioni au usiku wa kuamkia Jumapili. Kwenye ratiba ni karibu siku nzima ya tofauti. Na wanaotumia cron wakitaka bekapu kamili kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wengi huandika `0 2 1-7 * 0`. Cron huisoma hiyo kuwa tarehe 1 hadi 7, na pia kila Jumapili. Diski itajaa kabla hujajua kwa nini. Andika `0 2 1-7 * *` na uache skripti yenyewe iangalie kama leo ni Jumapili.

Umeme ukikatika bekapu ikiwa katikati?

Jaribu hilo makusudi, kwenye mashine ya majaribio, kwa kuchomoa waya. Mashine ikiwaka tena, tazama mambo mawili. Je, limebaki faili nusu lenye jina la kawaida kana kwamba ni zima? Programu nzuri huandika kwa jina la muda na kulipa jina la kweli mwishoni. Na je, bekapu ya nyongeza inayofuata inajijenga juu ya hiyo nusu, au inarudi kwenye ile nzima ya mwisho? Rejesha uone, usiamini maelezo ya kwenye tovuti.

Kama kompyuta ilikuwa imezimika saa ya ratiba ilipofika, cron haifidii. Anacron inafidia, na taima za systemd zinafidia zikiwekewa `Persistent=true`. Kwenye Windows, kipanga kazi kina kisanduku cha kuagiza kazi iliyokosa muda wake ianze mapema iwezekanavyo, kitie tiki. Kwa kompyuta mpakato, ujue kwamba Windows isipobadilishwa haianzi kazi ya ratiba mashine ikiwa kwenye betri. Ofisi nyingi zilizonunua kompyuta mpakato ili kuvumilia kukatika kwa umeme zimenasa hapo.

Kuna na betri ndogo ya saa kwenye ubao mama. Ikiisha, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Mafaili yanayoandikwa kabla saa haijasahihishwa yanapata tarehe ya zamani, na bekapu inayotegemea tarehe inayapita. Betri yenyewe ni CR2032, inapatikana kwa mafundi saa pale Kabwe kama ilivyo kwenye maduka ya kompyuta.

Nilirejesha, mafaili tuliyofuta yakarudi.

Bekapu yako inahifadhi vilivyoongezeka na haihifadhi habari ya vilivyoondoka. Ukiweka ya Jumapili kisha ukapachika za siku zilizofuata juu yake, kilichofutwa Jumanne bado kimo. Kwa folda ya picha ni usumbufu tu. Kwa mfumo unaosoma kila faili lililomo kwenye folda, kwa mfano malipo ya wakulima yanayosubiri kuingizwa, ni hatari: malipo yaliyokwisha batilishwa yanaweza kuingia tena. GNU tar, programu ya kukusanya mafaili kwenye faili moja, ikitumiwa na `--listed-incremental` wakati wa kuhifadhi na pia wakati wa kurejesha, huweka orodha ya folda na kuondoa ambavyo havikuwepo. Ukirejesha kwa tar ya kawaida bila chaguo hilo, unarudisha makaburi yote.

Nikiondoa bekapu moja ya katikati makusudi, nitarajie nini?

Tarajia programu ikatae kwa sauti na kutaja kipande gani kinakosekana. Weka ya Jumanne pembeni, omba hali ya Alhamisi, utazame. Ikikubali bila neno, ikakupa mchanganyiko wa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, usiitumie kwa fedha za watu. Mafaili ya tar yaliyorundikwa kwa mkono hayana mlinzi wa namna hiyo: unaweza kuruka moja na hakuna atakayekuambia. Nakusihi ufanye jaribio hili kabla ya mengine yote kama muda wako ni mdogo.

Rudia tena kwa kuharibu: fungua nakala ya bekapu kwa kihariri cha baiti, badilisha herufi chache katikati, uone kama uhakiki unagundua. Fanya hivyo kwenye nakala, si kwenye bekapu yenyewe.

Programu ilifuta bekapu kamili ya zamani na kuacha za nyongeza zake. Ni sawa?

Hapana. Zilizobaki hazina msingi. Kanuni ya kufuta "zote zilizozidi siku 30" ikifuata tarehe peke yake itakata mnyororo siku bekapu kamili inapofikisha siku hizo. Mnyororo ufutwe mzima, na usifutwe kabla bekapu kamili mpya haijahakikiwa. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5, kwa hiyo weka kando bekapu kamili ya kila mwisho wa mwaka, nje ya mzunguko wa kufutwa.

Hifadhidata ikiwa inatumika muda wote, naweza kunakili folda yake tu?

Usifanye hivyo. Utachukua nusu ya kabla na nusu ya baada ya muamala. Kwa MySQL yenye majedwali ya InnoDB tumia mysqldump na `--single-transaction` kwa bekapu kamili, na logi za binari, zinazoandika kila badiliko, kwa nyongeza. PostgreSQL kuanzia toleo la 17, lililotoka 2024, ina bekapu za nyongeza ndani yake: `pg_basebackup --incremental` kuzichukua na `pg_combinebackup` kuziunganisha.

Wenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, wana mtego wao. Fundi wa nje akija kuchukua bekapu kamili ya kuondoka nayo, bekapu zako za tofauti zinazofuata zinaanza kuhesabu kutoka kwenye hiyo yake, ambayo ameondoka nayo kwenye begi. Mwambie achague `COPY_ONLY`. Jaribu mwenyewe ili uelewe: chukua kamili, chukua kamili ya pili uifiche, chukua ya tofauti, halafu ujaribu kurejesha kwa ile ya kwanza. Itakataa.

Nimeambiwa programu za bekapu za restic na Borg hazina kamili wala nyongeza.

Kwa mtumiaji, kila nakala inaonekana kamili. Kwa ndani, vipande vilivyokwisha hifadhiwa havirudiwi. Hupangi mnyororo, na hilo linaondoa matatizo mengi yaliyotajwa hapo juu. Lakini kipande kimoja kikiharibika kinaweza kugusa nakala nyingi kwa mpigo, kwa hiyo uhakiki wa kusoma data yote ni wa lazima: `restic check --read-data`, `borg check --verify-data`. Na nenosiri likipotea, hakuna fundi wa kukusaidia, Mbeya wala Dar es Salaam.

Nitumie intaneti au diski?

Piga hesabu kwanza. Gigabaiti 40 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 64,000, karibu saa 18, kama mtandao hautikisiki. Nyongeza ya megabaiti 300 kwa kasi hiyo hiyo ni dakika 8. Kwa hiyo ofisi nyingi zinaweza kutuma za nyongeza mtandaoni kila usiku, na bekapu kamili ya kwanza ikapelekwa kwa diski. Pima na upande wa kurudi, kwa saa ya mkononi: SACCOS inaweza kukaa muda gani bila kujua akiba za wanachama?

Diski ikae wapi?

Mbili, zinazobadilishana, na moja isiwe kwenye jengo lile lile. Wakazi wa Mbeya wanakumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006. Diski ya dukani isiyotoka dukani ingeungua na daftari. Kama ofisi iko Mwanjelwa, moja ilale Uyole au Iyunga.

Iliyochomekwa saa zote inakabiliwa na hatari mbili: kirusi cha kufunga mafaili, ambacho huifunga nayo, na radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, na Tukuyu karibu mwaka mzima, mvua za huku huja na radi, na watu wenye busara huchomoa vifaa wakiondoka jioni. Ila ukichomoa diski jioni, bekapu ya saa nane usiku haina pa kuandika. Masika hamishia ratiba saa saba mchana watu wakiwa chakula, na uijaribu tena katika saa hiyo mpya, kwa kuwa sasa mafaili yatakuwa wazi.

Naweza kufanya jaribio kwa data ya wagonjwa?

Hatua za mwanzo, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu hata kwenye nakala. Jaribio la mwisho la kurejesha mfumo mzima linahitaji data halisi. Lifanyie ndani ya zahanati, kwenye mashine iliyofungwa, na ufute kilichorejeshwa siku hiyo hiyo. Nimekuta majina na majibu ya vipimo yakiwa kwenye kompyuta ya majaribio iliyokwisha uzwa. Watu hao hawakustahili hilo.

Kila baada ya muda gani?

Faili moja la kubahatisha kila wiki, mfumo mzima kila baada ya miezi mitatu, na jaribio kamili kila mnapobadilisha programu, diski, nenosiri au ratiba. AMCOS zifanye kabla msimu haujafunguliwa na mizani haijaanza kusoma kilo. Shule kabla ya wiki ya mitihani.

Nani afanye?

Mtu ambaye hakuweka bekapu hiyo. Mkabidhi diski, kompyuta tupu na maelekezo yaliyochapishwa kwenye karatasi, kisha ukae kimya. Kila anapokwama na kukuuliza, hilo ni jambo linalokosekana kwenye maelekezo. Liandike hapo hapo. Nakala moja ya karatasi iwekwe kwenye kabati la ofisi pamoja na nenosiri ndani ya bahasha iliyofungwa, na nyingine iende na diski ya nje.